Sifuri na Nchi Isiyochonga Mawe

Mwaka 1931 mtaalamu wa Kifaransa, Georges Cœdès, alichapisha makala iliyobadili mahali pa kuanzia kwa kila anayetafuta asili ya sifuri. Alikuwa amesoma jiwe lililotoka Sambor, kando ya mto Mekong nchini Kambodia, lenye maandishi ya Kikhmer cha kale, na humo akakuta mwaka umeandikwa kwa tarakimu: sita, nukta, tano. Ni mwaka 605 wa kalenda ya Saka, sawa na mwaka 683 katika kalenda yetu. Nukta ya katikati ni sifuri. Jiwe jingine la mwaka huohuo, la Kedukan Bukit katika kisiwa cha Sumatra, lina tarehe ileile, ila sifuri yake ni kiduara. Kabla ya hapo ushahidi wa jiwe uliotajwa zaidi ulikuwa maandishi ya hekalu la Chaturbhuja mjini Gwalior, India, ya mwaka 876, na Mwingereza G. R. Kaye aliutumia uchelewaji huo kudai kwamba Wahindi waliipokea sifuri kutoka kwa wengine. Mawe mawili ya Kusini-Mashariki mwa Asia yalimwondolea hoja. Yalikuwa na umri wa karibu miaka 200 zaidi ya maandishi ya Gwalior, na yalichongwa na watu waliokuwa wamejifunza kalenda na hati kutoka India, wakati ambapo tarakimu hizo zilikuwa bado hazijaenea Uarabuni.

Kosa la Kaye linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu bado tunalirudia. Alichukua tarehe ya jiwe kongwe lililosalia, akaifanya tarehe ya wazo lenyewe. Ushahidi wa kumpinga ulikuwapo hata kabla jiwe la Sambor halijasomwa. Mwaka 628 mtaalamu wa nyota wa India, Brahmagupta, alikamilisha kitabu ambamo sifuri ni namba kamili yenye sheria zake: ukiijumlisha na namba, namba inabaki vilevile, ukitoa namba kutoka yenyewe, jibu ni sifuri, ukizidisha kwa sifuri, unapata sifuri. Hii ni miaka 55 kabla ya Sambor, na sheria hizo zilitungwa kwa beti za Kisanskriti ili zihifadhiwe kichwani na kukaririwa. Hesabu ya sifuri iliyo kamili kuliko zote za zama zile ilisafiri kwa mdomo na kumbukumbu, na mchonga mawe akaifuata baadaye. Tukishalikubali hilo, inatupasa tuulize mawe yanathibitisha nini hasa, na yana haki gani ya kuzungumza juu ya nchi ambazo hazikuwahi kuchonga neno lolote.

Bweranyange, wilayani Karagwe, ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, ukoo wa Wahinda, juu ya vilima vinavyotazama ziwa dogo ambalo John Hanning Speke alilibatiza Little Windermere. Speke na mwenzake James Grant walifika mwezi Novemba mwaka 1861, wakapokewa na Mfalme Rumanyika, mwana wa Ndagara. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Wote watatu waliandika mengi juu ya walichokiona: mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, nyundo za chuma za kifalme, sanamu za ng'ombe, nyumba ya hazina. Stanley alizipanga sanamu za shaba za hazina hiyo kwa aina na idadi, kama karani anavyoorodhesha mali ya ghala. Katika maelezo yao yote hakuna maandishi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe: hakuna jiwe lenye tarehe, hakuna mbao wala ngozi yenye hesabu. Waakiolojia waliochimba Bweranyange katika karne ya 20 walipata athari za makazi, mifugo na ufuaji chuma. Kwa kipimo cha Kaye, basi, Karagwe haina la kusema kuhusu sifuri. Mimi nashikilia kwamba inalo, na kwamba linasaidia kuelewa sifuri yenyewe, si Karagwe peke yake.

Kabla ya kupanda huko vilimani, tushuke kwanza Pwani, ambako mawe yapo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya hati ya Kufi kwenye kibla, nayo ni miongoni mwa maandishi yenye tarehe za zamani zaidi yanayojulikana katika Uswahili. Yanasema ujenzi uliamriwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, katika mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 wa Hijria, ambao unaangukia mwaka 1107. Sisi leo tungeuandika mwaka huo kwa tano na sifuri mbili. Mchongaji wa Kizimkazi hakuandika hata sifuri moja. Aliandika mwaka kwa maneno, kama ilivyokuwa desturi ya maandishi ya heshima katika ulimwengu wa Kiislamu. Wakati huo ilikuwa imepita karibu miaka 300 tangu mwanahisabati al-Khwarizmi alipoandika Baghdad kitabu juu ya hesabu za Kihindi, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa wakipita kila msimu wa pepo kati ya bandari za India, Uajemi, Uarabu na Pwani yetu. Nani atakayethubutu kusema kwamba hakuna mtu Unguja mwaka 1107 aliyeijua sifuri, eti kwa sababu jiwe la Kizimkazi halinayo? Jiwe hilo linatuonyesha jinsi watu walivyopenda tarehe ya msikiti isomeke. Halituonyeshi walivyopiga hesabu ya shehena ya jahazi. Basi kama ukimya wa jiwe lililopo hautoshi kuwa ushahidi, ukimya wa jiwe lisilokuwapo utatosha vipi?

Hapa msomaji makini atasimama na kupinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: hoja hii ni mlango ulioachwa wazi, kama ukimya si ushahidi wa kukosa, mtu yeyote anaweza kudai kwamba babu zake waliijua sifuri, na hakuna wa kumkanusha. Ukanda wetu umeshapata fundisho juu ya hatari hiyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza matokeo ya utafiti wao wa uyeyushaji chuma wa kale Buhaya, jirani na Karagwe, wakieleza kwamba mafundi wa eneo hili walipasha hewa moto kabla haijafika tanurini na hivyo kupata joto kubwa mno. Habari ikaenea, ikakuzwa, ikawa fahari. Kisha wataalamu wengine, David Killick na J. E. Rehder miongoni mwao, wakaupinga ushahidi wa upashaji huo wa hewa, na mjadala ukawa mrefu. Ukongwe na ubora wa chuma cha Kagera haukutikiswa, ila dai lililowekwa juu yake lilikuwa limebeba zaidi ya uwezo wake. Sitaki kuifanyia sifuri jambo hilohilo. Sidai kwamba makao ya Rumanyika yalikuwa na alama ya sifuri ya kienyeji. Nadai jambo dogo zaidi, tena linaloweza kupimwa: tukitazama jinsi watu wa huko walivyohesabu, tunaweza kusema kwa nini hawakuihitaji, na sababu hiyo haigusi kabisa uwezo wao wa kufikiri.

Alama ya sifuri ina kazi moja ya msingi, nayo ni kulinda nafasi. Anayeandika namba kwa kupanga tarakimu safu kwa safu, ambapo moja ya kushoto ni kubwa kuliko moja ya kulia kwa sababu ya pale ilipokaa tu, hana budi kuonyesha safu iliyo tupu. Asipoonyesha, 105 itasomeka 15. Wababiloni waliandika kwa nafasi kwa zaidi ya miaka 1,000 wakiacha pengo tu, wakichanganyikiwa mara kwa mara, hadi kufikia karne za mwisho kabla ya Kristo walipoanza kuweka alama maalumu ndani ya pengo. Wamaya wa Amerika ya Kati, waliohesabu siku kwa kalenda ndefu iliyopangwa kwa nafasi, waliibuni ya kwao mbali kabisa na watu wa Asia. Palipo na uandishi wa nafasi, hatimaye sifuri inatafutwa. Ila lugha inayotamkwa haina shida hiyo. Msemaji wa Kiswahili anaposema mia moja na tano, daraja la makumi halisemwi kwa kuwa halina kitu, na msikilizaji hapotei, kwa sababu mamia yametajwa kwa jina lao. Kinyambo na lugha jirani za Maziwa Makuu hufanya vivyo hivyo: kuna ikumi, kuna igana, kuna rukumi kwa elfu, na kila daraja hujitaja lenyewe. Namba kubwa inatamkwa bila utata, na kisichokuwapo hakihitaji mlinzi. Warumi nao waliandika MCV bila sifuri, wakajenga madaraja, wakatoza kodi na kuhesabu majeshi, na hakuna mwanahistoria anayewaita watu wasiojua hesabu.

Kuna tofauti nyingine, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Utajiri wa Karagwe ulikuwa ng'ombe, na uhasibu wa wafugaji una mantiki yake. Mfugaji wa Maziwa Makuu humjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa umbo la pembe, kwa mama aliyemzaa. Jioni kundi linaporudi, anamtafuta fulani na fulani. Akikosekana mmoja, hafikii hitimisho kwa kutoa namba ya sasa kutoka namba ya jana. Anaona moja kwa moja ni yupi ambaye hakurudi. Utaratibu kama huo ulikuwapo katika siasa za ikulu. Speke ameeleza sherehe ya mwezi mwandamo aliyoishuhudia kwa Rumanyika: ngoma zaidi ya 30 zimepangwa mstari mbele ya mfalme, na wakuu wa nchi wakaja mmoja mmoja kuapa utii wao. Kila mwezi ulipoandama, ufalme uliweza kuona ni nani amekuja na ni nani hakuja. Huu ni uhakiki wa watu unaofanywa kwa macho, na kutokuwapo kwa mkuu fulani kulikuwa taarifa nzito kuliko takwimu yoyote. Mfumo wa aina hii unajua sana habari ya kukosekana. Unaijua kwa majina. Sifuri, kwa upande wake, ni njia ya kueleza ukosefu usio na jina: safu imekuwa tupu, na haijalishi ni mbuzi, siku au vipande vya fedha vilivyokosekana. Jamii inayoendesha mambo yake kwa kuwatambua watu na mifugo mmoja mmoja haina sababu ya kulibuni jambo hilo, kama vile mtu anayeishi ufukweni hana sababu ya kuchimba kisima cha maji ya chumvi.

Wapo watakaouliza kuhusu ushahidi wa kale zaidi katika ukanda huu. Ni kweli kwamba kilomita 200 na kitu kaskazini-magharibi ya Bweranyange, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa Ishango, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, ambao leo umehifadhiwa Brussels. Umechanjwa mafungu ya alama katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja na ya tatu 48. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, na de Heinzelin alishangazwa na namba hizo, kwa kuwa ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Mtafiti Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Naheshimu bidii yao, lakini kwa swali letu mfupa huu hauna msaada, hata tukiusoma kwa ukarimu wote. Chanjo moja inasimama badala ya kitu kimoja, na pasipo na kitu hapana chanjo. Mfumo huo unaweza kubeba hesabu nyingi na uchunguzi wa anga, lakini sifuri haiwezi kuchanjwa. Ishango inatupa ukongwe wa kuhesabu katika Afrika ya Maziwa Makuu, na inatosha kwa hilo.

Wengine watalitaja bao, na hoja yao ni ngumu zaidi kuijibu. Mchezo huu, kutoka bao la Pwani hadi omweso wa Buganda, unachezwa kwa kupanda kete shimo baada ya shimo, na shimo tupu linabaki kuwa shimo: lina mahali pake, linahesabiwa katika mpando, linaamua kama utakula au utalala. Mchezaji stadi hupima matupu kama anavyopima yaliyojaa. Je, hiyo si sifuri? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu ni kwamba imebaki hatua moja. Shimo la bao halina daraja. Kete moja ina thamani ileile popote ilipo, na shimo la kushoto halizidi la kulia mara kumi. Wazo la nafasi tupu inayohesabika lipo. Kilichokosekana ni kuifunga nafasi hiyo na makumi, mamia na maelfu. Ubao wa kuhesabia wa Wachina na vijiti vyao ulikuwa na safu za daraja zenye nafasi tupu karne nyingi kabla hawajaandika duara la sifuri, na wanahistoria wa hisabati hulichukulia jambo hilo kwa uzito. Bao linastahili uzito wa namna hiyo, kwa kiwango chake, bila kuongezewa.

Sasa turudi Karagwe, kwa sababu kuna ushahidi uliokaa karibu kabisa na ikulu ambao wapenzi wa mawe wameupita. Si mbali na Bweranyange palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora kufuata pembe za ndovu. Kituo kilikuwapo Speke alipopita mwaka 1861, na Stanley alikikuta mwaka 1876. Biashara ya misafara ilikuwa biashara ya mikopo. Vitambaa na shanga vilichukuliwa Unguja kwa deni la wafadhili wa Kihindi, vikabadilishwa bara, na deni likalipwa kwa pembe baada ya mwaka au miaka. Biashara hiyo haiendi bila maandishi. Watu wa Pwani waliandika barua na hesabu zao kwa hati za Kiarabu, na katika tarakimu za hati hizo kiduara ni tano, na sifuri ni nukta. Ni nukta, kama ile ya Sambor. Na mmoja wa wafanyabiashara waliokuwa na nguvu kubwa zaidi Karagwe alikuwa Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat aliyeishi Tabora. Rumanyika alipogombea kiti na ndugu yake Rogero, Musa alitoa pembe ili Kabaka Suna wa Buganda atume jeshi, na Rumanyika mwenyewe alimsimulia Speke deni hilo la shukrani. Mtu wa nchi ya Brahmagupta alishiriki kuamua nani atawale Bweranyange, kwa mali iliyohesabiwa kwa tarakimu za nchi hiyo. Naona ni halali kabisa kuhitimisha kwamba sifuri iliyoandikwa ilikuwapo Kafuro kufikia mwaka 1861. Huo ni takriban miaka 30 kabla Emin Pasha hajaweka boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na kabla Mapadre Weupe hawajafungua misheni Kashozi mwaka 1892.

Pingamizi la mwisho ni kwamba kufika si kupokelewa. Nukta katika daftari la mgeni haiwi mali ya wenyeji, na ikulu haikuanza kuandika. Nakubali jambo hilo, na ndilo linalonipa uhakika zaidi juu ya hoja yangu. Rumanyika hakuwa mtu wa kukataa mapya. Wageni wake wote wamemsifu kwa udadisi, na alimhoji Speke juu ya dunia, jua na nchi za mbali. Alikuwa na watu wanaoandika karibu naye kwa miaka mingi. Kama ufalme ungehitaji tarakimu za nafasi, angezipata kwa gharama ndogo kuliko bunduki. Hakuzichukua kwa sababu uhasibu wake, wa majina, wa viapo, wa mwezi mwandamo, ulikuwa ukifanya kazi. Mahitaji yalibadilika pale tu kodi ya fedha ilipokuja na utawala wa kikoloni, kodi inayotozwa kwa kila nyumba bila kujali ni nyumba ya nani, na inayohesabiwa na karani asiyewajua walipaji. Sifuri ilipata makazi Karagwe siku ile watu walipoanza kuwa safu za daftari. Historia hiyo haisimulii ujinga uliokwisha wala elimu iliyoshuka kutoka juu. Ni historia ya namna mbili za kutunza hesabu, na ya nguvu ya kisiasa iliyoamua ipi itabaki.

Kinachokosekana ni karatasi zenyewe. Jiwe la Sambor lilipotea katika miaka ya vita vya Kambodia, na mwandishi Amir Aczel alilipata tena mwaka 2013 kwa sababu alijua lilikuwapo na akaenda kulitafuta. Karatasi za Kafuro hazijatafutwa kwa bidii hiyo. Barua na madaftari ya misafara huenda bado yamo katika masanduku ya familia za Tabora, Ujiji, Bukoba na Unguja, yameandikwa kwa hati ambayo wajukuu wengi hawaisomi tena, na kila mwaka mengine huliwa na mchwa au kuchomwa pamoja na takataka. Mwenye sanduku kama hilo nyumbani kwao asilitupe. Alipeleke kwenye nyaraka za taifa, Dar es Salaam au Zanzibar, au kwenye chuo kikuu kilicho karibu naye, akaombe lisomwe.